Nyumba ya kupanga Moshi: waya wa antena ya redio niupitishie wapi kuingia ndani?

kibo_redio

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Moshi, Soweto, nyumba ya kupanga. Kuta ni tofali za nchi sita zenye plasta pande zote mbili, paa la mabati, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma na nondo kwa nje. Leseni ya redio ya ridhaa (ya kuongea na wenzangu hewani kwa kujifurahisha, si biashara) ninayo kutoka TCRA, namba yangu ya hewani inaanza na 5H ya Tanzania, kwa hiyo wale wa "mkuu utakamatwa" wapumzike.

Antena imeshakaa juu. Ni dipole ya waya ya 7 MHz (vipande viwili vinavyonyooka kwenda pande tofauti, waya wa kushusha unaungwa katikati), kama mita 20 kutoka ncha hadi ncha, upande mmoja umefungwa kwenye bomba la chuma na mwingine kwenye mparachichi wa jirani (tumeelewana: msimu wa kuchuma nashusha waya mwenyewe). Baadaye nataka nipachike antena ya 145 MHz kileleni mwa hilo bomba. Waya wa kushusha ni RG-213, ule mnene wa milimita kumi.

Kilichonikwamisha ni kuuingiza ndani. Redio ipo chumba cha mbele upande wa barabara. Mita ya LUKU na mein swichi ziko nyuma, ukuta wa stoo karibu na jiko. Nimewaza njia tatu: dirisha la chumba cha redio, kutoboa ukuta hapohapo nyuma ya meza, au kuupandisha chini ya bati upite darini ushukie mezani. Mama mwenye nyumba si mkorofi, ila kasema hataki kuja kukuta tundu ambalo hakuambiwa. Vuli hiyo inakuja. Wenye uzoefu semeni.

Mtani wa Same

Bando la wiki lipo, unaongea na dunia nzima bila kupanda mparachichi wa watu. Wachaga mna mambo. Ila nimekaa hapa pembeni, nasoma.

FundiDishi_Sakina

Mkuu, mimi ni fundi madishi Arusha, Sakina, na redio kol za magari ya utalii nafunga pia. Nianze na njia ya darini maana ndiyo kila mteja huitaka. Machoni ni safi, hakuna kinachoonekana. Kwa waya ni taabu. Kwanza joto: kati ya bati na jipsamu saa nane mchana hukai. Pili panya, na ukiwa karibu na shamba la mahindi ndio usiseme. Tatu, na hili ndilo kubwa, nyumba zetu nyingi waya za umeme zimelazwa tu juu ya mbao za dari. Ukitembeza waya wa antena sambamba nazo, kila taa ya LED ya bei rahisi na kila chaja itakuungurumia redioni. Ukilazimika kupita humo, weka kwenye paipu ya konduti, kaa mbali na za umeme, na pale zinapokutana zikatize kwa msalaba, usifuatane nazo.

Na bati usitoboe. Mtu akikwambia "weka tu silikoni", mwambie aje yeye apande Aprili kuziba. Pita chini ya ukingo wa paa, kwenye mwanya wa nyuma ya ubao wa fasia, maji hayafiki hapo.

Dirisha sasa. Kuna vipande vya waya bapa vya kupitisha kwenye ukingo wa dirisha, kama vile vya dishi. Kwa dishi vinapita. Kwa mtu anayerusha sauti sivipendi: ni vyembamba, vikikunjwa na alumini mara kadhaa foili inakatika ndani bila kuonekana kwa nje, na ncha zake zinanyonya maji.

Halafu nina swali: RG-213 umenunua ya nini? Kwa 7 MHz ungechukua waya wa kawaida tu.

kibo_redio

Ya nini? Ya 145 hiyo baadaye. Nilipiga hesabu kwa mita 20. RG-58, ule mwembamba, kwenye 7 MHz unapoteza desibeli 0.8 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya tano ya nguvu, mtu wa upande wa pili hasikii tofauti. Lakini kwenye 145 MHz huohuo unakula karibu desibeli 4, zaidi ya nusu ya wati zako zinaishia njiani. RG-213 hapo inakula kama desibeli 1.8. Nikasema ninunue mara moja.

FundiDishi_Sakina

Hapo sawa. Ila nikuchekeshe: waya wa dishi, RG-6, kwenye 145 unapoteza kidogo kuliko RG-58, na upo kila duka. Ni wa omu 75 badala ya 50, SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, 1 ndiyo bora) inakaa 1.5 hivi, redio nyingi hazilalamiki. Ubaya wake, suka la nje (nyuzi zilizosukwa kuzunguka kiini) ni alumini, halishiki risasi ya kuchomea, lazima uende na plagi zake za kukaza. Na kiini cha nyingi ni chuma kilichopakwa shaba, kwa masafa ya chini si kizuri sana. Ulichonacho ni bora, endelea nacho.

Mama Kihamba

Mimi sijui redio, ila nina vyumba vya kupangisha Majengo na naomba niseme kwa niaba ya mama mwenye nyumba wako. Wapangaji wanakuja na dishi, wanatoboa, wanahama na dishi, tundu wanatuachia sisi. Mmoja alitoboa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, akakutana na nondo, akahamia pembeni, akakutana nayo tena, akahamia tena. Ukuta ukabaki na matundu matatu na hakuna hata moja lililotoka upande wa pili. Nikaita fundi kwa hela yangu.

Kijana, mwoneshe mama kwa chaki ukutani kabla ya kuleta drili. Mwambie ni tundu moja, utaliziba na kupaka rangi ukiondoka, muandikiane hata kwenye karatasi ya daftari. Ukimuonesha mahali penyewe atakubali. Kinachotuudhi ni kukuta mambo yameshafanyika.

kibo_redio

Nimekuelewa mama, asante. Chaki nitanunua.

Mzee wa Rau

Habari za jioni vijana. Nimekuwa na redio tangu zile za valvu, naomba nafasi.

Mnajadili dirisha, dari na ukuta kana kwamba waya unaleta sauti peke yake. Huo waya umefungwa kwenye chuma kilichosimama juu kuliko paa, mji ulio miguuni mwa mlima, na masika na vuli radi zinapiga hapa kila mwaka. Kwa hiyo mahali pa kuingilia hapachaguliwi na meza ilipo. Panachaguliwa na ethi ilipo, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Ethi rodi ya nyumba yako, ile fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini, iko wapi? Chini ya mein swichi, ukuta wa stoo. Basi waya wako unaingilia stoo, hata kama redio iko upande wa barabara.

Nieleze sababu, maana wengi wanasema "nitachimbia rodi yangu nyingine chini ya dirisha la redio, yatosha". Haitoshi, inaweza hata kuongeza hatari. Ukiwa na rodi mbili zisizounganishwa, radi ikipiga jirani ardhi ya huku na ardhi ya kule zinakuwa na volti tofauti kwa muda mfupi. Tofauti hiyo inatafuta njia ya kusawazika, na njia iliyopo ni suka la waya wa antena, kupitia redio, kutokea kwenye waya wa umeme wa redio hadi ethi ya TANESCO upande wa pili. Redio yako ndiyo daraja. Ndiyo maana unakuta mtu antena yake ni nzima, bomba limesimama, ila redio na chaja vimeungua pamoja.

Dawa yake ni kila kinachoingia nyumbani kipite mlango mmoja na kifungwe kwenye ethi moja. Nje ya ukuta wa stoo, chini karibu na rodi, weka kisanduku. Ndani yake kipande cha bati la shaba au alumini nene. Waya wa kutoka kwenye antena unaishia hapo kwenye kizuia radi, kile chenye kichupa cha gesi ndani, kimekazwa moja kwa moja kwenye lile bati. Upande wa pili wa kizuia radi ndipo unapoanza waya wa kuingia ndani. Kutoka kwenye bati kwenda kwenye rodi, njia iwe fupi na imenyooka, utepe mpana wa shaba kama unapatikana. Ukiweka rodi ya pili ya redio, iunganishe na ile ya nyumba kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16.

Kwa nini nasisitiza fupi? Mita moja ya waya ina kama maikrohenri moja, yaani kipimo cha jinsi waya unavyobishana na mkondo unaobadilika ghafla. Mkondo wa radi ukipanda ampea 10,000 ndani ya maikrosekunde moja, na radi huweza kufanya hivyo, kila mita ya waya wako wa ethi inasimamisha volti 10,000 juu yake. Ukiwa na waya wa ethi wa mita sita unaozunguka nyumba nzima hadi dirisha la mbele, hesabu mwenyewe. Unene wa waya hauiondoi hiyo, ufupi ndio unaiondoa.

pikipiki_njiapanda

Shikamoo mzee. Sasa kwa nini asifunge ethi kwenye mabati ya paa, si chuma kitupu? Au bomba la maji?

Mzee wa Rau

Marahaba. Mabati yamepigiliwa kwenye mbao, na mbao ziko juu ya tofali. Hayajagusa ardhi popote. Bomba la maji zamani lilikuwa chuma, leo ukifukua utakuta plastiki. Rodi ni rodi.

Na msimwage chumvi kwenye shimo la rodi. Najua mafundi wanaifanya. Chumvi inaisha na mvua na inaila shaba. Udongo wetu ukiwa na unyevu ni mzuri, tabu ni Januari na Februari ukikauka. Pigilia rodi mahali panapopokea maji, kwenye migomba inayomwagiliwa maji ya bafu kama mnayo, na ukiongeza ya pili usiibanane na ya kwanza: ziachane angalau urefu wa rodi moja.

kibo_redio

Shikamoo mzee wangu. Umenipindua kabisa. Ila stoo na chumba cha redio vimepishana mita tisa. Kwa hiyo waya utembee ndani mita tisa zaidi, na darini kwenyewe ndiko fundi amesema nisipite. Nimebaki njia panda.

Kuna jambo nimeliona leo lakini. Ukuta wa stoo juu una tofali za matundu, zile za kupitishia hewa, zimewekewa wavu wa mbu kwa ndani. Tundu moja linapitisha vidole viwili. Hapo sihitaji hata drili.

FundiDishi_Sakina

Hapohapo mkuu! Tundu la bure, na mama mwenye nyumba hana neno. Kata wavu kidogo tu, upitishe, halafu uzibe kwa silikoni pembeni mbu wasipate mlango. Ukipenda weka kipande cha paipu ndani ya tundu ili tofali lisikwaruze ganda la waya.

Darini nilisema ukilazimika. Mita tisa ndani ya konduti, upande ambao hauna waya za umeme, inawezekana. Au uteremshe ukutani ndani ya stoo utembee kwenye kona ya juu ya korido kwa trankingi nyeupe (mfereji wa plastiki wenye kifuniko), hata mgeni hajui ni nini. Mimi ningefanya hiyo ya korido. Siku ukihama unabandua na kuondoka.

Jambo la plagi: hiyo plagi ya kukaza, PL-259, ina upana wa kama milimita 18. Konduti ya 20 haipiti, kwa ndani ni nyembamba kuliko hapo. Chukua ya 25. Au uvute waya bila plagi kisha uchomee baada ya kufika, ila kuchomea plagi ukiwa umesimama juu ya ngazi stoo, kaka, mimi simo.

Mdau Ngaramtoni

Mimi nyumba ni yangu na sina tofali za matundu, nitatoboa. Nauliza tu ukubwa wa biti na maji yasiingie ndani.

FundiDishi_Sakina

Ukuta wa nchi sita na plasta zake ni sentimita 18 hivi, kwa hiyo biti fupi haitoki upande wa pili. Tafuta ya sentimita 30 kwenda juu, ya zege. Kwa waya mnene bila plagi, milimita 14 inatosha. Anzia ndani, inamisha drili ili tundu literemke kuelekea nje, sentimita moja au mbili zinatosha. Ukikaribia kutoka punguza kusukuma, la sivyo plasta ya nje inabanduka kipande kizima, na rangi ya nje ya miaka mitatu iliyopita hutaipata dukani ifanane. Ukitaka kuweka konduti ya 25, zungusha matundu madogo kisha malizia na tindo taratibu. Kaa mbali na lenta na usitoboe juu au chini ya soketi na swichi, mule ndimo waya zinamopanda.

Kwa nje, kabla waya haujaingia, uache uning'inie kidogo chini ya tundu halafu ndio upande kuingia. Maji yanayotembea juu ya waya yanafika pale chini yanadondoka, hayapandi. Tumbo hilo lisiwe na kona kali. RG-213 usiikunje chini ya duara la nusu kipenyo cha sentimita 10, ukiibana sana kiini kinahama taratibu kuelekea kwenye suka, hasa juani.

Mzee wa Rau

Fundi amesema vema. Niongeze la maji, maana watu hulitambua limeshachelewa. PL-259 haizuii maji, hata ikazwe vipi. Nje ifungeni kwa utepe wa mpira ule unaojishika wenyewe, juu yake tepu nyeusi, tabaka la mwisho lianzie chini kupanda juu ili maji yateleze. Maji yakishaingia kwenye suka yanatembea ndani ya waya mita kadhaa, shaba inageuka nyeusi, na waya huo hautengenezeki, unakatwa.

Ujanja wa waya uliolowa ni kwamba kipimo cha SWR kinapendeza. Nguvu inayorudi kutoka kwenye antena inaliwa njiani, haifiki kwenye mita, wewe unaona 1.1 unafurahi. Siku SWR yako ikiwa nzuri kwenye kila masafa, hata yale ambayo antena haikukatiwa, fungua plagi uangalie rangi ya suka.

kibo_redio

Hiyo ya SWR sikuwahi kuisikia. Asante mzee.

Basi nimeamua: kisanduku nje ya stoo karibu na rodi, tofali la matundu, halafu trankingi ya korido hadi mezani. Mama mwenye nyumba nilimpitia jioni, akauliza kitu kimoja tu: kama redio itaharibu TV yake. Anaishi nyumba ya mbele, ua mmoja. Nilimjibu haitaharibu, sasa naomba mnisaidie liwe kweli.

FundiDishi_Sakina

Hahaha. Kinachoharibu TV za watu mara nyingi ni mkondo unaotembea juu ya suka kwa nje, waya wenyewe unageuka antena ndani ya nyumba. Na njia hiyohiyo inaleta kelele za ndani kwenda kwenye redio yako, inveta ya sola ikiwemo. Uzuie pale pale waya unapoingilia nyumbani. Pete kubwa ya feraiti, ile ya mchanganyiko namba 31, unazungusha waya mara kumi hadi kumi na mbili. Ila RG-213 haizunguki kwenye pete, tumia kipande kifupi cha RG-58 chenye plagi pande zote mbili.

Kama pete huna kwa sasa, chukua paipu la maji taka la nchi nne, zungusha mita tano au sita za waya mwembamba, mizunguko ikae safu moja imebanana. Kwa 10 MHz kwenda juu inasaidia. Kwa 7 yako inasaidia kiasi, si kama pete.

kibo_redio

Pete nitaagiza. Kwa kuanzia paipu.

Mtani wa Same

Nimesoma uzi wote, nilikuja kucheka. Swali langu: umeshafunga yote hayo, kizuia radi, rodi, kisanduku. Mvua inakuja, unaendelea kuongea?

Mzee wa Rau

Hapana. Kizuia radi ni kwa ajili ya radi iliyopiga jirani, iliyopiga bombani yenyewe hakiiwezi. Na kufungua plagi ya redio na kuiacha imelala sakafuni pembeni ya meza si kinga, cheche inaruka kutoka kwenye plagi hadi kwenye kitu chochote, na hapo umeshaikaribisha chumbani. Ufungulie kule nje kwenye kisanduku, upande wa ndani ubaki hauna kitu, na redio uichomoe kwenye soketi pia. Ufanye hivyo mapema, wingu likiwa bado upande wa mlima. Ukishasikia ngurumo umechelewa kwenda nje, uache kila kitu kilivyo na usogee mbali na meza.